Kabla ya Kununua Mtambo, Tengenezeni Wenu Kwanza, Hata Kama ni Mbovu



Somo la safari hii si la kusoma na kuweka kando. Ni la mikono. Lina udongo, misumari na betri za tochi, na ni vizuri likisomwa vitu hivyo viwe viko mezani tayari.

Linahusu jambo ambalo siku hizi linabisha hodi katika vikundi vingi, nalo ni vyombo vipya. Zamani aliyekuja kwenye mkutano wa kikundi na kitu cha kuuza alikuwa na pampu ya maji au mashine ya kukamua mafuta. Sasa anakuja na kipima unyevu cha udongo kinachotuma ujumbe kwa simu, au kifaa cha kupima maziwa, au taa ya jua ya kulipia kidogo kidogo, au programu ya simu ambayo ukiipigia picha jani la mhindi inakuambia lina ugonjwa gani. Vingine ni vizuri sana. Vingine ni bure kabisa. Shida ni kwamba siku ya maonyesho vyote vinang'aa sawa.

Kikundi kitajuaje? Wengi hufuata moja ya njia mbili. Ya kwanza ni kumwamini mgeni kwa sababu amevaa vizuri na ana karatasi zenye picha. Ya pili ni kumkataa kwa sababu yule wa mwaka juzi alitukula. Zote mbili zina kasoro ileile: hakuna aliyekiangalia kifaa chenyewe. Tumemwangalia mtu tu.

Iko njia ya tatu, nayo ndiyo somo letu. Watu hukusanyika siku moja, mbili, hata wiki nzima, wakaichukua teknolojia mpya na kuifungua. Wanajenga ya kwao kwa vitu vilivyo karibu, wanaijaribu, inaharibika, wanaibadilisha, wanajaribu tena. Huko nje huitwa warsha za kubuni. Sisi tungesema ni karakana ya kikundi. Si darasa, kwa maana hakuna anayesimama mbele na chaki. Wala si mafunzo ya ufundi ya kumfanya mtu seremala au mshona nguo. Shabaha ni moja: anayetoka hapo awe amekijua kitu kwa mikono yake, aweze kusema hiki kinatufaa, hiki hakitufai, na hiki kingetufaa kama kingekatwa hapa na kuongezwa pale.

JIKO UNALOPIKIA

Mfano wa karibu huenda uko jikoni kwako. Lile jiko la makaa lenye kiuno, bati nje na udongo uliochomwa ndani, watu wengi hudhani lilitoka mahali fulani likiwa limekamilika. Sivyo. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa Nairobi juu ya nishati mpya na mbadala. Wakati huo familia nyingi za mjini zilipikia jiko la bati tupu, na joto jingi lilipotelea kwenye bati badala ya kwenda kwa sufuria. Huko Thailand watu walikuwa na jiko lenye umbo la ndoo ambalo ndani limezungushiwa udongo. Wataalamu wa hapa kwetu, miongoni mwao Maxwell Kinyanjui, pamoja na shirika la KENGO lililounganisha vyama vya kiraia vya nishati, wakalichukua wazo hilo na kuanza kulifanyia kazi.

Kazi hiyo ndiyo ya kuangaliwa. Jiko la kigeni halikuletwa na kugawiwa hivi hivi. Liliwekwa mbele ya mafundi wa jua kali wanaolijua bati, wafinyanzi wanaoujua udongo, na akina mama wanaojua kupika. Kila mmoja ana la kusema. Fundi wa bati anajua nini kinakunjika kwa nyundo na nini hakikunjiki. Mfinyanzi anajua kwamba bati na udongo havipanuki sawa vikipata moto, kwa hivyo ukivibana vibaya udongo utapasuka. Na mama anayesonga ugali hataki jiko linaloyumba. Mwishowe udongo ukawekwa sehemu ya juu tu, jiko likawa jepesi, likapanuka chini ili lisimame imara, na hicho kiuno cha katikati ndicho kinachoushikilia udongo. Likitengenezwa vizuri huokoa makaa kiasi cha asilimia 30 hadi 50 likilinganishwa na lile la bati tupu.

Muundo wake haukufungiwa. Fundi yeyote aliweza kuuiga, na ndiyo maana ulisambaa haraka ukavuka mpaka hadi Uganda, Tanzania, Ethiopia na kwingineko. Tuseme pia upande wa pili: kwa kuwa kila mtu aliweza kuuiga, sokoni yako majiko yenye udongo ambao haukuiva, yanapasuka baada ya miezi michache. Mama aliyewahi kuliona jiko likitengenezwa huligonga kwa kidole kabla ya kulipa, akasikiliza. Udongo ulioiva hulia kama kengele, na usioiva hutoa sauti ya kufa. Huyo hauziwi jiko bovu kwa urahisi. Ujuzi wa namna hiyo ndio tunaoutaka kwa vyombo vipya pia.

WALIOFANYA HIVI KWINGINE

Amy Smith ni mhandisi wa Marekani ambaye katika ujana wake alifanya kazi ya kujitolea Botswana. Mwaka 2002 alianzisha katika chuo cha MIT mafunzo yanayojulikana kama D-Lab, ambapo wanafunzi hutumwa vijijini kubuni vitu pamoja na wenyeji. Mojawapo ya kazi zao za mwanzo ilikuwa Haiti, nchi ambayo milima yake mingi imebaki bila miti kwa sababu ya ukataji, pamoja na kuni na makaa. Walitafuta namna ya kutengeneza makaa bila mti. Wakatumia makapi ya miwa yaliyokwisha kukamuliwa: yachomwe ndani ya pipa, yazibiwe hewa, kisha unga mweusi unaobaki ushikanishwe kwa uji wa muhogo na kukandamizwa uwe donge.

Sasa angalieni lililofuata. Walipoipeleka kazi hiyo India, makapi ya miwa hayakuwa ndiyo yaliyopo. Wakatumia mabua ya ngano na mpunga, na badala ya muhogo wakashikanisha kwa kinyesi kidogo cha ng'ombe. Mahali penye mahindi wakagundua kwamba gunzi halihitaji hata kushikanishwa, kwani linaingia gunzi na kutoka gunzi, limegeuka kaa tayari. Wazo lilikuwa moja lakini sura zake zikawa tatu. Na sura hizo zilipatikana kwa kuangalia kilichopo pale, si kwa kukazana na kitabu.

Kwa wale wenye magunzi yanayooza nyuma ya nyumba, hatua ni hizi kwa ufupi. Pipa la lita 200 ambalo halikubeba dawa wala kemikali litobolewe mashimo chini, na juu likatwe tundu kubwa. Liwekwe juu ya mawe matatu, lijazwe magunzi makavu na kuwashwa. Mwanzoni hutoka moshi mzito mweupe, hiyo ni maji. Moshi ukipungua na kubadilika rangi, pipa lifunikwe, mawe yaondolewe, na pande zote chini na juu zizibwe kwa udongo au mchanga hewa isipite kabisa. Saa mbili au zaidi, mpaka pipa lipoe. Ukifungua mapema, hewa itaingia na makaa yatageuka majivu mbele ya macho yako. Kazi hii ni ya nje, watoto wakae mbali, na yule anayesimamia moshi asimame upande upepo unakotoka. Na kabla ya kufikiria kuuza, mwoneni afisa wa misitu awaeleze vibali.

Mwaka 2009 watu wa D-Lab walianza kufanya warsha kaskazini mwa Uganda, kwa watu waliokuwa wakirudi makwao kutoka kambi za wakimbizi wa ndani baada ya miaka mingi ya vita. Hapo mafunzo yaligeuzwa. Badala ya kupeleka kifaa kilichobuniwa, walifundisha kubuni kwenyewe. Mtu ambaye kwa miaka alipanga foleni kupewa chakula, blanketi na hata mahali pa kulala, alipewa kipande cha bati na makasi, akaambiwa atengeneze kitu cha kupukuchulia mahindi. Kipande hicho hukatwa kingo, hukunjwa meno kwa ndani, halafu huviringishwa kama bomba fupi. Ukiingiza muhindi na kuuzungusha, punje zinadondoka. Ni kitu cha dakika chache. Lakini anayekitoa mkononi mwake mara ya kwanza anauliza swali ambalo hakulizoea: nikiweza hiki, ni nini kingine naweza?

Vilevile kuna mikutano mikubwa ya kubuni inayowaleta pamoja mafundi, wakulima, wahandisi na wanafunzi wa nchi nyingi. Wa kwanza ulifanyika MIT mwaka 2007, mwingine Ghana mwaka 2009, na mwaka 2014 ulifanyika hapa jirani, Tanzania. Arusha iko pia karakana iitwayo Twende, ambayo miongoni mwa waliokuwa nyuma yake ni Bernard Kiwia, mtu wa baiskeli. Huyu alijulikana kwa kutengeneza chaja ya simu inayoendeshwa na gurudumu la baiskeli, kwa vipuri vya redio mbovu. Ebu fikirini: simu ilikuwa imefika kijijini na umeme haujafika, na aliyeona pengo hilo ni fundi aliyekuwa akipanda baiskeli kila siku.

ZOEZI LA MISUMARI MIWILI

Sasa tufanye yetu. Tuseme kikundi cha wakulima kumi na wanane wanalima sukuma wiki na nyanya kwa maji ya kununua. Amekuja mtu na vipima unyevu. Kimoja kinachomekwa shambani, na simu inakuambia leo mwagilia, leo usimwagilie. Bei ni karibu akiba yote ya mzunguko. Wanaambiwa ofa inaisha mwisho wa mwezi. Wafanye nini?

Wajenge kipima chao kwanza. Vinavyohitajika ni betri tatu za tochi zilizopangwa mkia kwa kichwa, misumari miwili isiyo na kutu, waya mwembamba, na taa ndogo nyekundu kama ile inayowaka mbele ya redio. Taa hizo mtazipata ndani ya redio na chaja zilizokufa, au duka la vipuri vya umeme. Ina miguu miwili na mmoja ni mrefu kidogo. Mguu mrefu uungwe na upande wa betri wenye kichuguu. Mguu mfupi uungwe na msumari wa kwanza. Msumari wa pili uungwe na mkia wa betri. Misumari yenyewe isigusane hata kidogo, kwani ikigusana taa itaungua. Na hili la betri za tochi tu. Asije mtu akajaribu na umeme wa ukutani, jameni.

Tayarisheni mikebe minne ya udongo wa shamba lenu lenyewe. Wa kwanza mkavu kabisa. Wa pili utiwe kikombe kimoja cha maji. Wa tatu utiwe kikombe kimoja cha maji yaliyokorogwa chumvi. Wa nne kikombe kimoja cha maji yaliyokorogwa mbolea ya dukani. Chomekeni misumari kila mkebe, ikiwa imeachana upana wa vidole viwili, kina kilekile. Ingieni mahali penye kivuli kizito au mfunike kwa kitambaa, maana mwanga unaweza kuwa hafifu.

Kabla hamjawasha, kila mtu aseme anatarajia nini. Hapo msiruke. Mtu akishasema mbele ya wenzake, "Mimi naona huu wa pili na wa tatu watakuwa sawa," ataangalia kwa macho mengine.

Mkavu hautawasha kitu. Wa pili taa itawaka kidogo. Wa tatu na wa nne, ingawa maji ni kikombe kilekile, taa itaelekea kuwaka zaidi, na wa chumvi ndio utakaong'aa kuliko wote. Kwa nini? Kwa sababu taa haijui maji. Taa inajua tu kama umeme umepita. Chumvi na mbolea zikiyeyuka katika maji huupitisha umeme kwa urahisi. Kwa hivyo kifaa cha namna hii kinaweza kukuambia shamba limelowa, kumbe umetoka kutia mbolea na mimea ina kiu.

Endeleeni kuchezea. Ushindilieni udongo wa mkebe wa pili kwa kidole gumba, mwanga unaongezeka bila maji kuongezeka. Isogezeni misumari mbali, unapungua. Ichomekeni juu juu, halafu ndani. Hapo mwenye shamba la nyanya atauliza, "Sasa kama mizizi yangu iko huku chini, hiki cha vidole vitatu kinaniambia habari za nani?" Mwacheni aulize. Mwezeshaji asijibu.

Kisha acheni mkebe mmoja ukiwa umewashwa siku tatu nne, mkiongeza maji kidogo. Mtakapoitoa misumari, ule ulioungwa upande wa kichwa cha betri utakuwa umeliwa kuliko mwenzake. Umeme unapopita kutoka chuma kwenda udongo wenye maji, unakichukua chuma kidogo kidogo. Vipima vya bei rahisi vyenye meno mawili ya chuma yaliyo wazi hufa kwa ugonjwa huohuo. Vipo vya aina nyingine ambavyo chuma chake kimefunikwa kote, havipitishi umeme katika udongo bali hupima jinsi udongo unavyoshika chaji. Hivyo hudumu zaidi, ingawa navyo maji yakipenya kwenye kingo au sehemu ya juu yenye vipuri, kwisha.

Yule muuzaji akirudi sasa hakuti watu walewale. Atakuta mama anayeuliza, "Meno ya hiki chako yako wazi au yamefunikwa?" Mwingine atataka kijaribiwe katika mkebe wa mbolea hapohapo mbele yake. Mzee atauliza betri inabadilishwa na nani, na mtandao wa simu ukikosekana wiki nzima kifaa kinafanya nini. Kijana aliyeishika simu atauliza habari za shamba letu zinakwenda wapi zikishatumwa, na tukiacha kulipa ada ya mwezi je, kifaa bado kitatuonyesha kitu au kitabaki pambo? Muuzaji mzuri atafurahi kwa maswali hayo, na kama kifaa chake ni cha kweli, atakiacha kijaribiwe msimu mmoja.

Na kuna jibu la tatu ambalo ni lazima liruhusiwe. Mmoja anaweza kusema: "Mimi nachukua udongo wa chini kidogo, naufinya ngumini. Ukishika donge, maji yapo. Ukivunjika kama unga, namwagilia." Hiyo ni njia halali, hata wataalamu wa kilimo huifundisha. Basi mkono wake na kipima vishindanishwe wiki mbili, mkiandika. Ikiwa mkono unatosha, akiba ya kikundi imebaki kwenye akiba. Kwa maoni yangu warsha iliyokwisha kwa kikundi kuamua kutonunua ina thamani sawa na ile iliyozaa mradi, ila haipigwi picha.

VILIVYO NDANI YA VYOMBO VIPYA

Mtu anaweza kusema, hiyo ya misumari ni ya watoto, vyombo vya kweli vina kompyuta. Ndiyo, vina kompyuta ndogo, mara nyingi si kubwa kuliko kisanduku cha kiberiti. Lakini kompyuta hiyo inafanya kazi gani? Inaangalia kama taa yenu imewaka sana au kidogo, inaandika nambari, na kuituma. Msumari bado ni msumari. Ukielewa mkebe, umeelewa nusu ya kifaa, na ni ile nusu inayoharibika.

Kompyuta hizo zenyewe zimekaribia watu kuliko mnavyodhani. Mwaka 2003 mwanafunzi mmoja kutoka Colombia, Hernando Barragán, akiwa chuo cha ubunifu katika mji wa Ivrea huko Italia, alitengeneza mfumo uitwao Wiring, ili wasanii na wabunifu wasiosomea uhandisi waweze kuiamrisha kompyuta ndogo. Mwaka 2005 walimu na wenzao wa hapohapo wakatoa nyingine iitwayo Arduino, iliyojengwa juu ya mawazo hayo, rahisi na ya bei ndogo zaidi. Michoro yake iko wazi kwa kila mtu, na ndiyo sababu nakala zake za bei ya chini zimejaa hata katika maduka ya vipuri Nairobi. Haikuanzia kwa wahandisi. Ilianzia kwa watu waliotaka kuunda vitu, wajaribu leo, waone leo.

Kijana wa kidato cha nne aliyekaa nayo siku chache, akiwa na mtu wa kumwongoza, anaweza kuunga misumari yenu nayo ikaandika nambari badala ya kuwasha taa. Katika vikundi vyetu vijana hulalamika kwamba mikutano ni ya wazee. Hii ni kazi wanayoweza kushika, wakati wazee wanashika udongo, na hapo kila mmoja anamhitaji mwenzake.

Mfano unaonifurahisha ni wa Pabal, kijiji katika jimbo la Maharashtra, India. Huko mwanasayansi S. S. Kalbag aliacha kazi kiwandani akaanzisha mwaka 1983 shule iitwayo Vigyan Ashram, ya vijana walioshindwa katika shule za kawaida, wajifunze kwa kutenda kazi halisi za kijiji. Mwaka 2002 shule hiyo ilipata karakana ya vyombo vya kisasa kwa ushirikiano na Neil Gershenfeld wa MIT, aliyekuwa ameanza mwaka 1998 somo la kutengeneza karibu kitu chochote. Karakana za namna hiyo sasa ziko nchi nyingi, na Kenya nayo imo. Lakini angalieni walianza na nini kule Pabal. Hawakuanza na roboti. Walishughulika na vipimo vya maziwa, kwa kuwa mkulima hulipwa kulingana na ubora wa maziwa na asiye na kipimo chake hana la kubishania, na namna ya kurekebisha injini za dizeli. Wanavikundi wenye ng'ombe hawahitaji kuelezwa zaidi. Mizani iko upande wa mnunuzi, kipima mafuta kiko upande wa mnunuzi, na jibu linatoka huko.

KUPANGA YENU

Warsha ya siku moja yatosha kuanza. Watu kumi na tano wasizidi, wagawanywe watatu watatu au wanne wanne, na kila kikundi kidogo kiwe na vifaa vyake. Ukiweka seti moja ya vifaa kwa watu kumi na tano, watafanya wawili na kumi na tatu watatazama, na hao wawili watakuwa wanaume. Nimeona hivyo mara nyingi. Fundi wa kijiji aalikwe, lakini mikono yake ikae nyuma. Kazi yake ni kuulizwa. Koleo na makasi ya bati apewe kwanza yule ambaye hajawahi kuvishika.

Kabla ya chuma, tumieni katoni, matope, vijiti na kamba. Kitu cha katoni ukikikosea unakitupa bila uchungu, na mtu hatetei kitu kibovu eti kwa sababu kimegharimu. Kikikamilika, apewe kukitumia mtu ambaye hakukitengeneza, na waliokitengeneza wanyamaze. Hii ni ngumu kuliko kazi nyingine zote za siku hiyo. Watataka kumwambia, "La, shika hivi." Wacheni akosee, hapo ndipo kasoro inapoonekana. Kisha katibu aandike kilichotokea, si kilichotarajiwa.

Wale waliopitia mafunzo ya DELTA watakumbuka jinsi picha moja ilivyoweza kuanzisha mazungumzo ya saa nzima. Hapa kifaa kilichovunjika mezani ndicho picha yenyewe.

Gharama isiwasumbue. Zoezi la misumari ni la bei ya chai na mandazi ya mkutano. Mabaki ya bati yako kwa kila fundi wa paa, mapipa yako kwa wauzaji mafuta, na redio zilizokufa hazikosekani katika kijiji chochote.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

Ni kifaa gani kikundi chetu kilinunua ambacho sasa kimelala stoo? Mkilete mkutanoni, mkifungue. Kilikufa kwa sababu gani hasa: kipuri, matumizi, au hakikuwa chetu tangu mwanzo?

Katika kazi yetu, nani anashika kipimo? Wa maziwa, wa majani chai, wa makaa, wa mahindi? Tungeweza kutengeneza kipimo chetu, hata kisicho sahihi sana, tukakilinganisha na chake kwa mwezi mmoja?

Kila mmoja ataje kitu kimoja ambacho alikibadilisha nyumbani ili kimfae: mpini aliourefusha, mlango wa kuku alioufunga kwa mpira, jiko aliloinua. Wengi watasema hawana. Wapeni muda, waulizeni watoto wao.

Mkutano ujao kila mtu alete mkebe mmoja wa udongo kutoka shambani kwake, ulioandikwa jina. Katibu alete betri.